Minyoo wa singa: ramani iliyochorwa na majina

Mwaka 1813 Mwingereza George Montagu, aliyewahi kuwa mwanajeshi kabla ya kuzama kwenye elimu ya ndege, kombe na viumbe wa pwani, alieleza mnyoo mwekundu kutoka Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Leo mnyoo huyo anaitwa Marphysa sanguinea. Tangu wakati huo jina lake limeandikwa Japani, Australia, Brazili, Afrika Kusini na pwani zote mbili za Marekani. Popote mtu alipochimbua mnyoo mrefu wa matope mwenye matamvua mekundu mgongoni na taya nyeusi, alifungua kitabu cha Ulaya, akaona maelezo yanakaribiana, akaandika: sanguinea.

Ukizitia kumbukumbu hizo zote kwenye ramani unapata mnyoo anayeishi karibu kila bahari isiyo na barafu. Hapo inabidi ushtuke. Huyu ni mkaa shimoni. Anajichimbia matopeni au chini ya mawe, haogelei safari ndefu, na baadhi ya jamaa zake hutaga mayai ndani ya ute unaobaki palepale kwenye mdomo wa shimo. Atlantiki aliivukaje? Bahari ya Hindi je, na Pasifiki? Jibu ambalo wataalamu wamelikubali polepole, tena kwa shingo upande, ni kwamba hakuvuka. Kilichovuka ni jina.

Minyoo wa aina hii wanasayansi huwaita polikaeta. Vitabu vingi hueleza makundi yao katika sura moja na maeneo wanakoishi katika sura nyingine, kana kwamba ni mambo mawili. Kwa maoni yangu hayatenganishiki. Ramani ya polikaeta haiwezi kuwa sahihi kuliko majina yaliyoichora, na majina mengi yalitolewa kwa haraka.

Ni nani hasa

Mtu aliyeishi pwani amewaona, hata kama hakujua anachokitazama. Minyoo wanaochimbwa kandokando ya mikoko kwa ajili ya chambo ni polikaeta. Bamvua ikipwa, zile nyuzi nyeupe ndefu zinazotokeza chini ya jiwe na kutambaa mchangani kila moja kwa njia yake ni minyiri ya polikaeta aliyejificha ndani ya bomba lake, anaokota chakula chembe kwa chembe. Vile viua viwiliviwili vya buluu, njano au machungwa vinavyochanua juu ya tumbawe na kupotea ghafla kivuli chako kinapopita ni matamvua ya Spirobranchus, ambaye mwili wake wote umo ndani ya bomba la chokaa lililozama kwenye tumbawe. Na yule mwenye manyoya meupe ubavuni, ambaye ukimshika vidole vinawaka kwa saa kadhaa, ni Eurythoe. Manyoya yale yana madini ya chokaa na huvunjikia ndani ya ngozi.

Wote ni wa faila (kundi kubwa la juu katika mgawanyo wa wanyama) ya Anelida, wanyama wenye mwili wa pingili. Kwa kawaida kila pingili ya polikaeta ina jozi ya viguu vya nyama ubavuni, na kila kiguu kimebeba fungu la singa. Singa hizo ni nywele ngumu za kitini, kitu kilekile kinachotengeneza gamba la kamba na la panzi. Singa moja hujengwa na seli moja, kuanzia nchani kushuka shinani, na umbo la ncha hutofautiana kutoka kundi hadi kundi: kuna ndoano, mikuki, vichana, na wembe wenye kiungo katikati. Ndiyo maana mtaalamu wa minyoo hawa hutumia saa nyingi akitazama singa chini ya hadubini kuliko anavyomtazama mnyoo mzima.

Chukua mmoja wa familia ya Nereididae, mnyoo wa kawaida kabisa wa pwani, umweke kwenye kisahani chenye maji ya chumvi. Kichwani ana macho manne meusi, papasi mbili fupi mbele, na pembeni nywele ndefu za kugusia, mara nyingi jozi nne. Mbonyeze taratibu nyuma ya kichwa. Koo zima linapinduka na kutoka nje, limebeba taya mbili zilizopinda ambazo ugumu wake unatokana kwa sehemu na madini ya zinki, na juu ya koo hilo vijimeno vidogo vya kahawia vimepangwa kwa mafungu. Hesabu na mpangilio wa vijimeno hivyo, fungu kwa fungu, ndiyo hati ya utambulisho ya spishi nyingi za familia hii. Mnyoo akifa koo likiwa ndani ni kero tupu: itabidi apasuliwe, na wanaoanza kazi humharibu.

Spishi zilizokwisha kupewa majina zinapita 10,000, katika familia takriban 80. Kuna wenye urefu usiofika milimita moja wanaoishi katikati ya chembe za mchanga, na kuna Eunice aphroditois anayeweza kukaribia mita tatu.

Watembezi, wakaaji, na waliokataa kupangwa

Linnaeus, katika toleo la 1758 la mpango wake wa viumbe, alizoa karibu kila mnyama asiye na uti wa mgongo, ukiacha wadudu na jamaa zao, akawatia wote kapu moja la "minyoo". Mwanzoni mwa karne ya 19 Lamarck aliwatenga wenye pingili. Halafu mwaka 1866 Mfaransa Armand de Quatrefages akawagawa kwa namna ambayo hata mvuvi angeielewa: upande mmoja Errantia, watembezi, wenye macho, taya na viguu imara, upande mwingine Sedentaria, wakaaji, wanaojenga mabomba au kujifukia na kusubiri chakula kiwajie.

Mgawanyo huo ulipendwa. Pierre Fauvel aliufuata katika juzuu zake mbili kuhusu pwani ya Ufaransa, 1923 na 1927. John Day wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliufuata mwaka 1967 katika juzuu mbili kuhusu kusini mwa Afrika, ambazo kwa miongo kadhaa zimekuwa kitabu cha mezani kwa yeyote anayechambua matope ya upande wetu wa Bahari ya Hindi. Lakini waliokuwa wakiutumia walijua una nyufa. Diopatra, kwa mfano, hujenga bomba na kulipamba kwa vipande vya makombe na majani, hatoki nje ila kichwa, na bado alihesabiwa kuwa mtembezi kwa sababu ana taya. Tabia na umbo vilikuwa vinagombana, na kila mwandishi aliamua kesi kivyake.

Mwaka 1977 Kristian Fauchald, mzaliwa wa Norwe aliyefanya kazi Marekani, aliuacha mgawanyo huo akapanga oda (makundi yanayokusanya familia) 17 sambamba, bila kujidai kwamba anajua nani ni ndugu wa nani. Nauona ule kuwa uamuzi wa kiungwana: afadhali orodha isiyosema kitu kuliko ukoo wa kubuni. Miaka ishirini baadaye, 1997, yeye na Greg Rouse walirudi na matawi yaliyopatikana kwa kulinganisha maumbo mengi kwa pamoja, wakapata makundi matatu makubwa. Majina hayo matatu, Scolecida, Canalipalpata na Aciculata, utayakuta bado kwenye vitabu vya kiada, lakini hayakudumu.

Yaliyoyaondoa ni vinasaba. Mwaka huohuo wa 1997 Damhnait McHugh alichapisha ulinganisho wa jeni uliowaingiza ndani ya Anelida wanyama waliokuwa wamepewa faila zao wenyewe. Kisa cha kundi mojawapo, Pogonofora, kinafaa kusimuliwa polepole.

Mwaka 1914 Maurice Caullery alieleza Siboglinum, mmoja wa kundi hilo, uzi wa mnyoo uliokokotwa kutoka kilindini na meli ya utafiti Siboga katika maji ya Indonesia. Hakuwa na mdomo. Hakuwa na utumbo. Kwa miongo mingi wataalamu walibishana upi ni mgongo wake na upi ni tumbo lake, na wengi walimweka karibu na wanyama wenye uhusiano na sisi wenye uti wa mgongo kuliko na minyoo. Kosa lilikuwa la kuchekesha na la kusikitisha kwa pamoja: karibu kila sampuli ilikuwa imekatika. Mnyoo alibaki na nanga yake matopeni, wavu ukaondoka na kipande cha mbele. Mwaka 1964 ndipo mkia ulipopatikana na kuelezwa, na mkia huo ulikuwa na pingili ndogondogo zenye singa.

Hata hapo watu hawakuachia. Mwaka 1977 nyambizi ilipofika kwenye chemchemi za maji moto karibu na visiwa vya Galápagos, Pasifiki, iliwakuta jamaa wakubwa wa Siboglinum, wenye matamvua mekundu kama damu, wengine wakipita urefu wa mita moja na nusu, wasio na utumbo, wanaolishwa na bakteria waliomo ndani ya miili yao. Riftia pachyptila alipewa jina mwaka 1981, na mwaka 1985 Meredith Jones akawapa yeye na wenzake faila nzima. Leo wote hao, wakubwa kwa wadogo, ni familia moja tu ya polikaeta, Siboglinidae. Kushuka kutoka faila hadi familia ni kushuka kweli.

Mwaka 2011 Torsten Struck na wenzake walilinganisha mamia ya jeni kwa mpigo. Matokeo yaliwashangaza wengi: watembezi na wakaaji walirudi. Matawi mawili makubwa yalijitokeza, yanayolingana kwa kiasi kikubwa na ya Quatrefages, yakapewa majina yaleyale ya zamani. Tofauti ni kwamba sasa majina hayo yanahusu nasaba, na mtu haingii kwa kuwa na bomba wala kutoka kwa kukosa macho.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Nyungunyungu wa shambani na ruba wa mtoni wamo ndani ya tawi la wakaaji. Hapo jina "polikaeta" linaingia matatani. Ukisema polikaeta na huku ukiwaacha nje nyungunyungu na ruba, unafanya kama ukoo unaowahesabu wajukuu wote waliobaki pwani na kuwafuta waliohamia bara. Kwa hiyo kama kundi la nasaba, polikaeta hawapo. Kama jina la kazi, wapo, na wataalamu wanaendelea kulitumia kwa sababu hakuna aliyeleta jina jingine linalofaa kuwaita Anelida wa baharini wenye singa.

Utafiti wa 2014 ulioongozwa na Anne Weigert uliongeza kwamba familia chache ziligawanyika mapema mno, kabla watembezi na wakaaji hawajaachana. Miongoni mwao ni Eurythoe wetu wa kuwasha, aliyehesabiwa kuwa mtembezi tangu zamani. Ndugu zake wa karibu katika mti huo ni Sipunkula, minyoo laini wa mfuko usio na pingili wala singa hata moja. Mwenye singa nyingi kuliko wengi na asiye na singa kabisa wamekaa pamoja. Ndiyo maana siwaamini wanaosema umbo linatosha.

Kilichomo chini ya jina moja

Swali la mahali wanapoishi kwa ujumla lina jibu fupi: kila mahali penye chumvi. Kwenye tope la bahari kuu mara nyingi ndio nusu ya wanyama wadogo wanaoonekana kwa macho. Alvinella pompejana hujenga mabomba kwenye kuta za chemchemi za moto za Pasifiki. Osedax, aliyeelezwa mwaka 2004 kutoka kilindi cha Monterey huko California, huota mizizi ndani ya mifupa ya nyangumi waliozama. Wachache sana, chini ya spishi mia mbili, wamezoea maji baridi yasiyo na chumvi.

Ugumu unaanza ukiuliza kuhusu spishi moja moja. Kinachomruhusu mnyoo kukaa mahali ni ukubwa wa chembe za mchanga, oksijeni iliyomo, chakula na kiasi cha chumvi. Kinachomruhusu kufika hapo, kwa wengi wao, ni utoto wake. Mayai ya baadhi huanguliwa kuwa viluwiluwi vyenye mkanda wa vinyweleo, wanaoelea na kula kwa wiki kadhaa wakichukuliwa na mkondo. Wengine hubeba kiini cha kutosha kisha hutua baada ya siku chache. Wengine hulelewa ndani ya bomba la mama na hawaelei kabisa. Ukijua mnyoo ni wa namna gani, unaweza kukisia ramani yake kabla ya kuiona.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni Capitella capitata. Jina lilitolewa kwa mnyoo wa Greenland na Otto Fabricius mwaka 1780. Ni mwembamba, mwekundu, hana viguu vya maana wala pambo lolote la kumtambulisha, na hushamiri palipochafuka kiasi kwamba wengine wamekufa. Jina likaenea dunia nzima na mnyoo akawa kipimo cha uchafuzi: ukimkuta kwa wingi, andika kwamba bahari ni mgonjwa. Mwezi Septemba 1969 tishari la mafuta lilikwama karibu na West Falmouth, Massachusetts. Judith na Frederick Grassle wa kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole wakafuatilia Capitella walivyofumuka kwenye matope yaliyochafuka. Walipolinganisha vimeng'enya vya minyoo hao waligundua, na kutangaza mwaka 1976, kwamba kwenye eneo lile kulikuwa na spishi sita. Zilikuwa zinafanana kwa macho, lakini zilitofautiana katika ukubwa wa mayai, msimu wa kuzaana na maisha ya viluwiluwi. Ya kwanza kati yao ilipewa jina lake rasmi, Capitella teleta, mwaka 2009, miaka thelathini na mitatu baadaye.

Fikiria maana yake kwa kipimo cha uchafuzi. Chini ya jina moja kulikuwa na mnyoo ambaye watoto wake wanaweza kuelea wiki nzima na zaidi na mwingine ambaye watoto wake hawatoki nyumbani. Mmoja anaweza kuvamia tope lililochafuliwa kutoka mbali. Wa pili lazima awe alikuwepo. Ripoti iliyosema "Capitella capitata wameongezeka" haikusema nani ameongezeka.

Baada ya hapo kesi zilifuatana. Mwaka 2010 Eurythoe complanata, jina lililotolewa na Pallas mwaka 1766 kwa mnyoo wa Karibea, lilionekana kuficha angalau spishi tatu katika sampuli za Atlantiki na Pasifiki. Huyo wa mwambani kwetu bado anabeba jina la Karibea kwenye orodha nyingi. Lakini si kila jina kubwa ni la uongo. Jamaa yake Hermodice carunculata alichunguzwa kwa vinasaba mwaka 2013 kutoka Karibea hadi Mediterania, na watafiti wakakuta jamii moja inayochanganya damu kuvuka Atlantiki. Viluwiluwi vyake hudumu majini muda mrefu. Kwa hiyo kanuni ya kukataa kila ramani pana haisaidii zaidi kuliko ile ya kuikubali kila ramani pana. Lazima apimwe kila mmoja.

Majina pia hayakutoka Ulaya tu. Marie Jules-César Savigny, aliyekwenda Misri na msafara wa Napoleon mwaka 1798, alieleza mnyoo wa minyiri mirefu kutoka Bahari ya Shamu, ambaye leo ni Loimia medusa. Jina hilo la bahari ya joto lilibandikwa minyoo wa Uingereza na Ufaransa mpaka mwaka 2017, lilipotolewa jina jipya, Loimia ramzega, kwa jitu la familia hiyo lililopatikana Brittany.

Kisha kuna meli, ambazo zimechanganya mambo kiasi kwamba hata vinasaba huchoka. Fauvel mwaka 1923 alieleza kutoka mfereji wa Caen, Ufaransa, mnyoo wa bomba la chokaa ambaye leo anaitwa Ficopomatus enigmaticus. Jina la pili linamaanisha fumbo, na lilimfaa, kwani Caen hakukuwa kwao. Inaaminika alitoka nusu ya kusini ya dunia akiwa amejibandika kwenye meli. Sasa yupo pia kwenye ziwa la mdomo wa mto la Zandvlei, Cape Town, na kwenye milango ya mito ya nchi nyingi, akijenga mafungu ya mabomba magumu kama mawe. Hydroides elegans, anayeganda kwenye matumbo ya vyombo na maboya, alielezwa mwaka 1883 kutoka bandari ya Sydney. Ukimkuta mnyoo kwa mara ya kwanza bandarini usiseme umepata kwao, umepata alikoshukia. Mfereji wa Suez nao, tangu 1869, umewapitisha minyoo wa Bahari ya Shamu kama Pseudonereis anomala hadi mashariki mwa Mediterania.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi

Mjerumani Wilhelm Peters alikaa Msumbiji miaka ya 1840 akikusanya kila kilichotambaa, na mwaka 1854 wakachapishwa kutoka mikusanyo yake Marphysa mossambica na Dendronereis arborifera, mnyoo wa matope wa mikokoni mwenye matamvua yenye matawi. Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland, kijana wa Kiingereza aliyefanya kazi chini ya Charles Eliot, Kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki (ambaye naye, katikati ya siasa za ukoloni, alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na gamba), alikusanya Zanzibar na pwani ya Kenya ya leo. Ripoti zake za 1903 na 1904 ndizo msingi wa orodha ya polikaeta wetu, na ndani yake mna Marphysa macintoshi wa Zanzibar. Crossland aliwachora wakiwa hai pia, jambo ambalo wengi wa zama zake hawakujisumbua nalo, maana walipokea minyoo waliokwisha kufifia rangi kwenye chupa.

Baada yake kwa muda mrefu kazi kubwa ilikuwa ya kutambua kwa kutumia vitabu vya kwingine. Juzuu za Day zinahusu kusini mwa latitudo ya 20, kwa hiyo Tanzania na Kenya ziko nje ya ramani yake, lakini zilitumika huku kwa sababu hakukuwa na nyingine. Na Day mwenyewe aliwaweka minyoo wengi wa Afrika chini ya majina ya Ulaya. Si kwamba alikuwa mzembe. Zama zake ziliamini kwamba polikaeta huenea mno, na imani hiyo ilijilisha yenyewe. Ukiamini spishi imeenea, hutafuti tofauti. Usipotafuta tofauti, spishi inazidi kuenea.

Afrika Kusini imeanza kufungua mafundo hayo. Mnyoo wa chambo wa Cape aliyeitwa sanguinea alipewa mwaka 2008 jina elityeni, neno la Kixhosa linaloelekeza kwenye jiwe, mahali anapoishi. Mwaka 2020 timu nyingine ilirejesha haemasoma, jina ambalo Quatrefages alilitoa karne ya 19 na ambalo lilikuwa limemezwa na sanguinea. Mwaka huohuo Platynereis dumerilii, jina la Mediterania lililotumika Afrika Kusini kwa vizazi, lilionekana kuwa si lao, na mmojawapo wa minyoo waliokuwa chini yake akaitwa Platynereis entshonae.

Kaskazini ya hapo kuna jambo ambalo ningependa sana lifanyiwe kazi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki unatiririka kwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unaungana na mkondo wa Somalia na kuendelea juu kuelekea Uarabuni. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia unageuka, unashuka, na mikondo miwili inakutana karibu na pwani ya kaskazini ya Kenya na kuelekea baharini. Mnyoo wa Lamu mwenye viluwiluwi vya wiki nyingi, akizaana Julai, watoto wake wanaweza kubebwa kuelekea Somalia na kwingineko. Akizaana Januari, wanakutana na ukuta wa maji. Kwa hiyo mwezi wa kuzaana tu unaweza kuamua kama minyoo wa Oman na wa Unguja ni jamii moja. Orodha za polikaeta wa bahari zinazozunguka Bara Arabu zilikwisha kukusanywa na kuchapishwa mwaka 2002, na majina mengi yanalingana na ya kwetu. Kulingana kwa majina, kama tulivyoona, si ushahidi wa kitu.

Haya yana uzito nje ya makumbusho. Minyoo hawa ni chakula kinachotafutwa cha kamba wazazi katika vituo vya kutotolesha, kwa sababu mafuta yaliyomo mwilini mwao husaidia kukomaza mayai, na ni chambo kinachosafirishwa kikiwa hai. Jina mossambica lilivuka bahari na kutumika Asia. Huko Iloilo, Ufilipino, mnyoo wa matope anayefugwa kulishia kamba ni Marphysa iloiloensis, spishi iliyopewa jina mwaka 2019. Mtu anayeomba kibali cha kuingiza nchini minyoo wa kufuga kwa hoja kwamba "spishi hii tayari ipo kwetu" anaweza kuwa anasema kweli kwa mujibu wa orodha na uongo kwa mujibu wa mnyoo.

Namna ya kumaliza ubishi inajulikana, ingawa inachosha. Mwaka 2003 Pat Hutchings na Panagiotis Karageorgopoulos walipotaka kujua sanguinea ni nani, walilazimika kuchagua sampuli mpya ya kubeba jina hilo, kutoka kusini magharibi mwa Uingereza, kisha wakailinganisha na mnyoo wa Queensland. Wa Australia akawa Marphysa mullawa. Kwa majina yaliyozaliwa kwetu kazi inatusubiri sisi: macintoshi mbichi wa Zanzibar, mossambica mbichi wa Msumbiji. Mnyoo azimishwe taratibu kwa maji yenye chumvi ya magnesi ili asijikunje wala kujikata, apigwe picha angali na rangi, kipande kidogo kitiwe kwenye spiriti ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya vinasaba, na mwili uliobaki utiwe kwenye formalini ili singa na taya zibaki katika umbo. Vikibadilishana chupa kazi imeharibika: formalini huchakaza vinasaba, na spiriti kali humkausha mnyoo akawa mgumu asiyepindulika. Chupa zote mbili ziandikwe namba moja, kwa penseli, kwenye karatasi inayowekwa ndani, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka.